Dakika Nne za Kubuni

Siku za likizo Chiriku hakuhitaji kengele ya kumwamsha. Ilipofika saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, simu tatu za mama yake zilianza kulia mezani, kwa kuwa sebule yao ndiyo iliyokuwa ofisi. Jina lake halisi lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa. Nyumbani aliitwa Chiriku kwa wingi wa maneno. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Mama alikuwa ameanzisha huduma ya mabasi madogo matatu ya kuwapeleka wafanyakazi maofisini. Abiria aliweka nafasi kwa programu ya simu, na kila asubuhi simu ilimwandikia: "Toka nyumbani sasa." Akitoka wakati huo huo, alifika kituoni kabla ya basi. Basi lilisimama dakika moja tu, kisha likaondoka, kwa sababu mbele kulikuwa na vituo sita vyenye watu wanaosubiri.

Ili programu ijue wakati wa kumtoa mtu nyumbani, ilibidi mtu atembee kwa miguu kutoka kila uchochoro hadi kituoni, saa mkononi. Kazi hiyo alipewa Chiriku, pamoja na karatasi yenye visanduku sita. Vitano alivijaza kwa haki. Cha sita kilimkuta amechoka, jua kali, na ndala imemkatikia njiani. Alitazama ramani, akaona uchochoro mfupi kama kidole, akaandika: dakika nne.

Huduma ilianza Jumatatu. Jumatano jioni dereva alikuja kurudisha funguo.

"Bosi, yule mama wa posta kaachwa tena," alisema. "Leo mara ya tatu. Namwona kwenye kioo akipunga mkono, roho inaniuma. Lakini nikimsubiri yeye, wa kituo kinachofuata watanitafuna mzima mzima."

"Uliondoka saa ngapi?"

"Moja na dakika ishirini. Ningeondoka kabla, ungenitafuna wewe."

Mama alikagua kumbukumbu za safari kwenye simu. Dereva alisema kweli. "Kumbe ni yeye anayechelewa kutoka nyumbani," mama alisema. "Kanuni tuliyowaandikia abiria ni kwamba anayekosa basi mara tatu anapoteza kiti, na kuna watu wanane wanaokitaka."

Alimpigia yule mama, karani wa posta, simu ikiwa kwenye spika ili mikono yake ibaki huru.

"Natoka ikiniambia, mwanangu," ilijibu sauti ya mtu mzima. "Hata chai naiacha mezani. Labda ni goti hili. Wala usijisumbue, mpe mwingine. Nitarudia magari mawili kama zamani. Nitasimama, nimezoea."

"Pole, mama. Nitakupigia kesho nikueleze tulivyoamua."

Dereva alimgeukia Chiriku. "Na wewe leo umemeza nini? Tangu niingie hujatoa hata neno moja!"

Chiriku aliitazama ile karatasi ya visanduku. Alikuwa ametambua uchochoro wa karani: ule wa kisanduku cha sita. Dereva alipokwisha kuaga, alisogea hadi mezani.

"Mama, usimpe mtu kile kiti."

"Kwa nini?"

"Ile nne sikuipima. Niliiandika tu."

Mama aliweka kalamu chini. Hakupaza sauti, na Chiriku alitamani angepaza.

"Hukufika kabisa?"

"Niliishia pale mwanzo."

"Vaa viatu."

Jua lilikuwa bado halijazama walipobisha mlango wa karani.

"Shikamoo, bibi," Chiriku alisema, akaangalia chini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kuna nini?"

Mama alimwomba atembee nao hadi kituoni, kwa mwendo wake wa kila siku. Katikati ya uchochoro kulikuwa na mfereji. Ramani ilionyesha kivuko, lakini kivuko kilikwisha kuvunjika. Iliwabidi wazunguke nyuma ya karakana ya seremala, wakipita juu ya maranda na vipande vya mbao. Chiriku alishika saa kwa mkono mmoja, na karani akaegemea bega lake. Walipofika kituoni, Chiriku aliisoma saa mara mbili.

"Dakika saba," alisema, machozi yakimlenga. "Nisamehe, bibi. Kosa si la goti lako. Ni langu. Niliandika namba bila kutembea."

Karani alicheka hadi akashika nguzo. "Kumbe! Siku tatu nalikanda maji ya moto, maskini, goti la watu halina hatia!" Akamfuta Chiriku shavu kwa ncha ya kitambaa chake. "Umekuja mwenyewe kuniambia. Yameisha."

Usiku ule mama alirekebisha programu. Asubuhi dereva alipiga simu: "Kapanda! Kakaa dirishani, na tayari ananiambia nipunguze mwendo."

Mama alicheka, akakata simu, akamvuta Chiriku akae karibu naye.

"Sikiliza," alisema. "Ungeacha kisanduku kitupu, ningejua kuna kazi iliyobaki, ningeenda mwenyewe. Ulipoandika nne, niliacha kutafuta. Jambo usilolijua, sema hulijui, hakuna atakayekucheka. Aibu ni mtu mzima kulaumu mwili wake kwa uongo wetu. Nasema wetu, kwa sababu nami sikukagua."

"Lakini vile vitano nilipima kweli, mama. Haki ya Mungu."

"Nakuamini. Ila abiria hawajui kama nakuamini. Wanachojua ni kama basi wamelipata. Tutavipima upya."

"Vyote?"

"Vyote. Nitakwenda nawe."

Saa tatu, mabasi yote yalipokuwa yamekwisha kufika mjini, walitoka wawili: mama na saa, Chiriku na karatasi mpya.