Kitambaa Kisichokunywa Maji

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuuliza kilichopikwa, Chiriku alivua sare yake, akaitundika msumarini, akaenda uani kutazama pipa la maji. Pipa lilikuwa zamu yake katika karakana ya mama yake, fundi wa sare za shule. Jina lake halisi lilikuwa la bibi yake mzaa mama, lakini kwa kuwa mdomo wake haukupumzika tangu kupambazuka, nyumba nzima ilimwita Chiriku, na hata walimu walikuwa wameanza kulisahau jina lililo daftarini.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na pasi nzito iliyotaka mikono miwili. Mama alikaa dirishani, penye mwanga. Shangazi, dada yake baba, alikaa mlangoni akishona vifungo huku akisalimiana na wapita njia wote, na ajabu ni kwamba hakujichoma kidole hata siku moja.

Mama alikuwa na sharti moja: kitambaa cha pamba hakikuona mkasi kabla ya kuona maji. Jora jipya likiletwa, lilikunjuliwa, likalowekwa pipani usiku kucha, asubuhi likaanikwa, likapigwa pasi, ndipo likapanda mezani.

"Pamba ina kiu," mama alizoea kusema. "Isipokunywa kwetu, itanywea kwa mteja."

Kwa hiyo kila aliposhika chaki, alimgeukia Chiriku na kumuuliza neno moja tu: "Kimekunywa?" Chiriku naye alijibu: "Kimekunywa." Mama hakukigusa kitambaa kuhakikisha. Neno la mwanawe lilimtosha.

Mwaka huo shule ya mtaani kwao ilimpa mama kazi kubwa: mashati sabini ya rangi ya samawati. Alinunua majora matatu kwa Babu Jora, mzee mwenye duka la vitambaa, aliyeitwa hivyo kwa sababu ilikuwa nadra kumwona bila jora begani. Pipa lilitosha jora moja tu kwa wakati. Jumatano Chiriku aliloweka la kwanza, Alhamisi la pili. Ijumaa palikuwa na mashindano ya mpira wa pete kati ya madarasa.

Timu ya Chiriku ilishinda. Alirudi nyumbani jua limekwisha kuinama, miguu imejaa vumbi na sauti imekauka kwa kushangilia. Pipa lilikuwa tupu. Bomba lilikuwa mwisho wa uchochoro, na pipa lile lilimeza ndoo kumi na nne. Aliitazama ndoo, ndoo nayo ikamtazama.

"Jora ni lile lile," alijiambia. "Duka lile lile, rangi ile ile. Mawili yamekwisha kunywa. Hili la tatu litakuwa na kiu gani?"

Asubuhi, mama alipokwenda kununua uzi, Chiriku alichota maji kidogo kwenye bakuli, akakinyunyizia kitambaa kwa vidole, akakipiga pasi ya moto. Mvuke ukapanda. Harufu ikawa ile ile ya siku zote. Mama aliporudi, alichukua chaki.

"Kimekunywa?"

Ulimi wa Chiriku, ambao kwa kawaida haukukosa la kusema, siku ile ulipata neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa la uongo.

"Kimekunywa."

"Mungu akubariki, mwanangu. Bila wewe mgongo wangu ungekuwa umekatika."

Baraka ile ilimchoma kuliko sindano, lakini mkasi ulikuwa umekwisha kuanza kulia mezani: kacha, kacha. Jora lile likatoa mashati ishirini ya watoto wa darasa la kwanza. Yakashonwa, yakakunjwa, yakapelekwa shuleni.

Wiki mbili zilipita. Jumamosi moja asubuhi akaja mama muuza mboga, amemshika mwanawe mkono. Mtoto alikuwa amevaa shati la samawati. Mikono ya shati ilikomea kabla ya kufika viganjani, na vifungo vilikuwa vimevutana kama watu wanaogombana.

"Fundi, nimelifua mara mbili tu," alisema yule mama kwa upole. "Sijui ni mtoto amekua au ni shati limerudi utotoni."

"Nikiinua mkono, tumbo linachungulia," mtoto akaeleza, akainua mkono ili waone. Kweli, tumbo likachungulia.

Shangazi alianza kucheka, akauona uso wa mama, akakimeza kicheko. Mama alichukua utepe wake, akapima. Shati lilikuwa limepungua vidole vitatu kila upande.

"Nisamehe, mama. Nitalishona upya," alisema. Yule mama akamvua mwanawe shati, akaliacha mezani, akaondoka naye amemfunga kanga yake. Mama yake Chiriku alikaza uso. "Kitambaa kilikunywa, na bado kimesinyaa. Basi hii si pamba niliyoilipia. Babu Jora amenichanganyia."

"Si nilisema mimi!" Shangazi aliruka. "Mzee yule siku hizi anacheka sana. Muuzaji akikuchekea mno, wifi yangu, ukitoka dukani kwake hesabu vidole vyako."

"Chiriku, beba hilo shati. Twende."

Njiani Chiriku hakutoa hata neno. Mama alimtupia jicho. "Leo umemeza nini wewe?" Chiriku akatikisa kichwa. Tumboni alihisi kama amemeza jora zima.

Dukani walikuta wateja wawili, wanawake, wakichagua vitambaa. Babu Jora aliinuka kwa furaha. "Karibu, fundi wangu! Na mjukuu wangu, karibu! Vuteni kigoda."

"Shikamoo, mzee. Sikuja kukaa." Mama alilitandaza shati juu ya meza. "Miaka tisa nanunua hapa. Kitambaa hiki tulikiloweka usiku kucha, na bado kimesinyaa namna hii. Uliniuzia nini?"

Mmoja wa wale wateja alikuwa ameshika kitambaa cha maua, tayari kukilipia. Polepole akakirudisha mezani, akaiondoa mikono yake juu yake. Chiriku aliuona mkono ule ukirudi nyuma.

Babu Jora alivaa miwani, akalisugua shati kwa vidole, akaligeuza. "Kama kililowekwa kikasinyaa tena, basi kimenidanganya hata mimi," alisema taratibu. "Sijui kiwandani walifanya nini. Lakini wewe ulinunua kwangu, hukununua kiwandani. Nitakupa jora jingine, na hulipi kitu."

Akapanda juu ya kigoda, akaanza kulivuta jora jipya kutoka rafu ya juu. Kwa mkono mmoja aliishikilia rafu asianguke. Mzee hakukasirika wala hakujitetea, na hilo ndilo lililomuumiza Chiriku zaidi. Angalau angegomba!

"Mungu wangu," aliomba moyoni, "nipe sauti kabla jora halijafika mezani."

"Babu, usilishushe!"

Wote wakamgeukia.

"Halikunywa," Chiriku alisema. "Jora la tatu halikunywa. Nilichoka na mpira, sikutaka kuchota maji. Nililinyunyizia tu, nikalipiga pasi. Mama aliponiuliza, nikamwambia kimekunywa. Si kosa lako, Babu. Ni langu."

Machozi yalimtoka, lakini tumbo lililokuwa limejaa jora likawa jepesi ghafla. Alingoja kofi. Mama akamgeukia Babu Jora.

"Shuka, mzee wangu, usije ukaanguka. Nimekuvunjia heshima mbele za watu, basi nakuomba radhi mbele ya watu hao hao. Kitambaa chako ni kizuri. Kosa ni la karakana yangu."

"Ni langu, mama!"

"Nyamaza kwanza. Wewe ulisema uongo, na hilo tutalizungumza nyumbani. Lakini aliyepokea kazi ni mimi. Nilikata kitambaa cha watoto wa watu bila kukigusa, kisha nikaja hapa kumshitaki mzee bila kuuliza. Hayo ni yangu."

Babu Jora alishuka, akaketi, akavua miwani na kuifuta. "Fundi," alisema, "watu wamenirudishia vitambaa vilivyotafunwa na panya wao na vilivyounguzwa na pasi zao, wakasema ni mimi. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunirudishia jina langu. Asante. Na wewe, mjukuu wangu, asante."

Yule mteja akakivuta tena kitambaa chake cha maua. "Nipimie mita tatu, mzee," alisema.

Nyumbani, Shangazi alipoelezwa, alishika kichwa kwanza, kisha akaanza kupiga hesabu zake. "Sawa, mtoto amekosa. Lakini aliyelalamika ni mmoja tu. Mshonee huyo, yaishe. Wale wengine watadhani watoto wao wamenenepa."

"Watoto ishirini, wifi? Wanenepe wiki moja?"

"Mungu akijalia."

Mama alicheka bila kutaka, kisha uso wake ukatulia. "Wazazi wale wanashonesha shati moja kwa mwaka mzima. Nikinyamaza, mtoto atakaa darasani hadi mwisho wa mwaka akivuta shati lifunike tumbo, na mama yake atajilaumu kwamba amelifua vibaya. Nitayashona upya yote ishirini. Cherehani ya matundu ya vifungo niliyoiwekea akiba itasubiri."

Chiriku alijua mama alivyoingoja cherehani ile. Kila tundu la kifungo alilishona kwa mkono, na jioni vidole vyake havikuweza hata kukunjuka vizuri. Kusikia kwamba itasubiri kulimuumiza kuliko kofi aliloliogopa.

Jumatatu mama alikwenda shuleni, Chiriku ubavuni pake, akamweleza mwalimu mkuu bila kuzunguka. Wazazi wa darasa la kwanza wakaitwa. "Mashati niliyowashonea hayakutengenezwa kama inavyopasa," mama aliwaambia. "Yatasinyaa mkiyafua. Nawashonea mengine, hamlipi chochote. Haya mliyo nayo bakini nayo, yatawafaa wadogo wa watoto wenu."

Kununua jora jipya kulizua ugomvi ambao duka lile lilikuwa halijawahi kuusikia. Babu Jora alitaja bei ndogo aliyonunulia yeye, mama akaipandisha. Mzee akaishusha, mama akapandisha tena. "Mmechanganyikiwa nyote wawili," alisema mpita njia aliyesimama kuwasikiliza. Mwishowe wakakutana katikati.

Wiki hiyo Chiriku hakugusa mpira. Alichota ndoo zote kumi na nne, akakizamisha kitambaa mpaka mapovu ya mwisho yakatoka. Asubuhi mama alikuja pipani mwenyewe, akauingiza mkono hadi kiwikoni, akakifinya kitambaa.

"Mama, huniamini tena?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nitakuamini, polepole. Lakini hata siku nitakapokuamini kabisa, nitakigusa. Kazi ni yangu, lazima mkono wangu uijue."

Kila shati lilitaka vifungo vinne. "Themanini!" Shangazi alitangaza, akimsogezea Chiriku kopo. "Ukimaliza, hata mbinguni utaulizwa habari za vifungo." Chiriku alijichoma vidole mara nyingi, lakini alivishona vyote, na kila kimoja Shangazi alikivuta kwa nguvu kukijaribu. Kumi na viwili viling'oka, akavirudia.

Ijumaa alasiri wazazi walikuja kuchukua mashati. Baba mmoja, dereva wa lori, alinung'unika kwamba amepoteza siku ya kazi na kwamba mwakani atatafuta fundi mwingine. "Una haki, baba," mama alimjibu, akamkabidhi shati lake kwa mikono miwili. Mama muuza mboga ndiye aliyekuja mwisho. Alimvalisha mwanawe palepale, akamwambia ainue mkono. Tumbo halikuchungulia.

"Fundi," alisema akitikisa kichwa, "maisha yangu yote mimi ndiye huwafuata mafundi, naambiwa njoo kesho, njoo kesho kutwa. Safari hii fundi amenifuata mimi mpaka shuleni! Mungu akuzidishie. Nina majirani watatu wanaotafuta mtu wa kuwashonea. Nitawaleta kwa mkono wangu." Akaacha fungu la mboga mezani, na mama alipotaka kulirudisha, alikuwa amekwisha kuvuka barabara.

Jioni walifagia vipande vya nyuzi. Chiriku aliweka ufagio chini.

"Mama, mbona hukunichapa?"

Mama aliketi, akamvuta karibu. "Nilikuwa na hasira, nisikudanganye. Lakini ulisema kabla jora la mzee halijafika mezani. Lingefika, tungekuwa tumemwibia mtu mwema huku tukijiona sisi ndio tulioibiwa. Nashukuru ulisema. Sasa nisikilize. Mteja akija hapa hukagua kola, huvuta vifungo, hutazama mishono. Hayo hata fundi mwizi huyafanya vizuri, kwa sababu yanaonekana. Lakini pipa letu lipo uani, mteja halioni. Pale asipoona ndipo anapotuachia imani yake, na Mungu pale anaona. Mtu akikosea pale, akiri mapema, tena alipe mwenyewe, asimtafute mwingine wa kumtwisha. Biashara isiyofanya hivyo ni wizi wenye meza na kiti."

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

"Nimekwisha kukusamehe. Njooni tushukuru."

Waliinamisha vichwa wote watatu kando ya meza ya kukatia.

"Mungu wetu," mama alisema, "asante kwa kazi ya mikono yetu. Asante kwa mzee wetu, na kwa ulimi wa mtoto huyu uliorudi kwenye kweli. Asante kwa mama aliyelileta shati lile, maana angenyamaza, hata leo tungekuwa hatujui."

"Na yule dereva aliyetufokea?" Shangazi alinong'ona, jicho moja wazi.

"Na yule dereva pia," mama aliongeza. "Yeye hakutuficha kitu."

Chiriku akawa wa kwanza kusema, "Amina."