Sauti ya Suet-ngo

Saa tatu na robo asubuhi, Jumanne moja ya Machi 1969, kabati la chumba cha sauti katika studio ya Bosi Kwan, Diamond Hill, lilikutwa wazi. Mikanda ya picha ya filamu yao ya kutisha ilikuwepo yote. Kilichoibwa ni utepe mmoja, wenye sauti ya mzuka.

Bosi hakujisumbua kufikiri. Ufunguo wa akiba hukaa kwa bawabu, Mjomba Pui, basi mwizi ni Pui. Asipoutoa utepe kufikia saa sita, polisi wataitwa. Mzee wa watu alikuwa na miaka sitini na minane, akilala palepale getini.

Yim Wai-fong hakuafiki. Kazi yake hapo studioni ilikuwa kuandika kila kinachoonekana mbele ya kamera, ili kikombe cha leo kikae pale kilipokaa jana, na macho ya namna hiyo hayana likizo. Alimshuku kwanza mwigizaji mkuu, aliyecheza mzuka na kuchukia kusikika kwa sauti ya mtu mwingine, lakini huyo alikuwa Macau tangu Jumapili.

Akaingia chumba cha sauti. Fundi, Tse Kam-sau, alisema hajui lolote. Mezani palikuwa na bakuli la wali uliopoa, haujaguswa, ila katikati una vitundu viwili.

“Chakula cha nani, Kaka Sau?”

“Changu. Nimekosa hamu.”

“Na vijiti ukavisimamisha wima?”

Hakuna aliye hai anayekula hivyo. Vijiti vya kulia husimamishwa kwenye wali wa marehemu.

Wai-fong akahesabu siku. Lok Suet-ngo, aliyempa mzuka sauti, alifariki Jumatano iliyopita, na leo, ukiihesabu na siku ile, ni siku ya saba, ambayo kwa imani yao roho hurudi nyumbani. Hakuacha mume wala ndugu. Mazikoni walikwenda watu wanne.

“Ulikuwa nani kwake?”

“Si yeyote. Miaka kumi na moja nilimtazama kupitia kioo cha chumba cha kurekodia. Nikimwambia arudie, anarudia. Sikuwahi kumwambia kingine.”

Filamu za Kikantoni, Kichina cha hapo kwao, hazikuwa zikijaza tena majumba ya sinema, Sau akaeleza. Bosi ameamua hii itiwe sauti mpya za Kimandarini, na utepe wa Suet-ngo ufutwe mchana huu, utumike upya.

“Na Mjomba Pui akaozee ndani kwa ajili yako?”

Sau alifungua sanduku lake la vifaa, akautoa utepe.

Saa sita kasoro dakika kumi alisimama mbele ya Bosi na kukiri yote. Pui aliombwa radhi kwa sigara moja. Kumfukuza Sau haikuwezekana, kwani fundi wa sauti alikuwa yeye peke yake.

“Vizuri,” Bosi alisema. “Sasa kaufute.”

Walirudi wawili. Wai-fong alijawa na uchungu, maana yeye ndiye aliyemfikisha hapo. Akauliza kama atoke nje.

“Kaa,” Sau alisema, akabonyeza kitufe cha kufuta.

Utepe ulizunguka dakika kumi na nane. Wai-fong alikaa naye mpaka ulipokwisha.