Nakala ya Kwanza ni ya Shimoni

Kahawa ndiyo iliyotangulia kujua. Marlys Dreher alikuwa mezani kwake katika chumba cha habari cha gazeti la Argus, Jumatatu mchana, theluji chafu imerundikana nje ya dirisha, mara kahawa kikombeni ikaanza kutetemeka. Akaitazama. Ilikuwa saa saba na nusu, saa ambayo zamani mtambo wa kuchapia gazeti, chini ya jengo, ulikuwa ukiwashwa na jengo zima likanguruma mpaka meno yakagongana. Lakini mtambo haukuwepo tena. Ulikatwa vipande kiangazi kilichopita ukauzwa chuma chakavu, na sasa Argus lilichapwa mji mwingine na kuletwa kwa lori.

Marlys akainywa kahawa yake ikaisha. Tangu mumewe Lyle afariki mwezi wa Novemba alikuwa hashtuki, halii, na akinywa supu hajui kama ina chumvi au haina.

Jumamosi ile gazeti lilikuwa linafungwa. Wenye gazeti, watu ambao hata mji wa Kessling hawakuwahi kuukanyaga, walikuwa wamekwisha kuzima vipasha joto vya jengo ili kubana matumizi, kwa hiyo Marlys alifanya kazi amevaa koti lake la sufu la rangi ya maziwa. Kwa ukarimu wao wakamwachia ukurasa mzima wa toleo la mwisho aandike historia ya Argus.

Akaiandika. Jinsi fundi wa kupanga herufi kutoka Ujerumani alivyolianzisha mwaka 1884 ndani ya banda la kukaushia ngozi. Jinsi mto ulivyofurika ukazamisha ghorofa ya chini, nao wakachapa ukurasa mmoja kwa mkono juu ya paa, maana Argus halikukosa siku. Jinsi watu wa sehemu ile ya Ohio walivyolizoea hata ikawa mtu hahesabiki kuwa amekufa mpaka Argus limesema. Majirani walikuwa wakikutana na mfiwa sokoni na kumwambia, "Sijaona gazetini bado," na pole wakaiweka akiba.

Tanzia hizo alikuwa akiziandika Marlys mwenyewe. Aliandika ya meya, ya mwalimu wake, ya mama yake mzazi. Ya Lyle hakuiandika. Kila alipochapa jina lake, mikono ililala juu ya vitufe kama si yake.

Lyle alikuwa mchapaji pale maisha yake yote. Ujanani mtambo ulimla vidole viwili vya mkono wa kulia, cha pete na kile kidogo. Wenzake hawakumwambia "nipe tano" kama watu wengine. Walimwambia "nipe tatu," naye akacheka kuliko wote. Alikuwa na tabia moja: akipita nyuma ya kiti cha Marlys, alimwekea kiganja mgongoni, kimya, kisha akaenda zake.

Jumanne ikaja harufu. Wino mbichi, mafuta ya taa, na ile sabuni ya changarawe ambayo wachapaji husugulia mikono. Jumatano ukaja mngurumo wenyewe, mdogo, kutoka chini ya sakafu. Alhamisi, Marlys akiwa ameinamia historia yake, kiganja kizito chenye joto kikamlalia mgongoni.

Hakugeuka. Machozi yaliyokataa kutoka siku ya mazishi yakamwagika juu ya vitufe. Alilia kama mtoto, na akafurahi kwamba analia.

Mzee Orville Pruitt, aliyekuwa msimamizi wa wachapaji na rafiki wa Lyle, alikuja alasiri hiyo kuhojiwa kwa ajili ya historia. Alimkuta macho mekundu.

"Shemeji, wewe leo umelia au umekata vitunguu?"

"Lyle yupo hapa," Marlys akasema.

Orville hakucheka. Alivua kofia, akanusa hewa, akaketi kwenye ukingo wa kiti.

"Punguza sauti. Huyo si Lyle."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu alikuwepo kabla ya Lyle. Kabla yangu. Unakumbuka ile nakala ya kwanza ya kila siku, tulikuwa tunaitupa shimoni chini ya mtambo?"

"Nilidhani ni utani wenu tu wachapaji."

"Hata sisi tulijidai ni utani. Nakala ya kwanza ni ya yule wa chini. Anasoma, anatulia. Siku moja nikiwa kijana tulisahau, na siku hiyohiyo Lyle akaacha vidole mle ndani. Hatukusahau tena. Sasa mtambo umeondoka, yeye kabaki, na hakuna anayempa kitu."

"Mbona ananishika kama Lyle, basi?"

"Kwa sababu wewe hujamtangaza Lyle, shemeji!" Orville alijisahau akapaza sauti, kisha akatazama sakafu. "Yule anaamini Argus tu. Argus halijasema Lyle kafa, kwa hiyo jina lake liko wazi kama koti msumarini. Keshalivaa. Toa tanzia kwenye toleo la Jumamosi, mimi nitaipeleka nakala ya kwanza shimoni, asome, avue. Baada ya Jumamosi hakuna gazeti. Hutampata tena wa kumvua."

Ijumaa Marlys akaandika. Ilitoka fupi, kavu, sahihi: kazaliwa wapi, kaoa nani, kafanya kazi gani. Akaiweka ukurasa wa sita. Ilikuwa jioni inaingia, na ukurasa ulikuwa umebakiza kubofywa kitufe kimoja tu uende kwa wachapaji wa mbali, pale mngurumo ulipoanza, kwanza kwenye kikombe, halafu kwenye miguu ya meza, halafu kwenye mbavu zake, ukipanda ngazi moja moja kama mtu mzima asiye na haraka, na ile harufu ya wino ikaja mbele yake na kujaa chumba mpaka ulimi ukawa mchungu, na taa zikafifia, na nyuma ya kiti chake pumzi ikasimama, ikasubiri, na kile kiganja kikalala mgongoni pake, na yeye ambaye kwa miezi hakuhisi hata baridi akahisi kila kitu kwa mara moja, mapenzi, hofu, na hamu ya kutoachwa tena peke yake ndani ya ule ukimya.

Akaifuta tanzia. Mahali pake akaweka tangazo la zamani lililowasihi watu walipie gazeti la mwaka mzima. Akabofya.

Jumamosi asubuhi Orville alikuja mlangoni kwake, nakala ya kwanza kutoka lorini mkononi, imefunguliwa ukurasa wa sita.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nafasi haikutosha."

Orville akampa gazeti, akavaa kofia, akaondoka bila kuingia ndani.

Jumatatu jengo lilikuwa na kufuli. Marlys alikuwa jikoni kwake, na ilipofika saa saba na nusu kahawa ikatetemeka. Alikaribia kutabasamu. Akaenda kuchukua lile koti, ambalo tangu Ijumaa alikuwa amelitundika bila kuligeuza. Akaligeuza.

Mgongoni palikuwa na alama ya mkono wa kulia, nyeusi, safi, kama iliyochapwa. Akaigusa kidole kwa kidole. Gumba. Cha shahada. Cha kati. Cha pete. Kile kidogo.

Vyote vitano vilikuwepo.

Alingoja kelele zimtoke, lakini hazikutoka. Ukimya wa Novemba ulikuwa umerudi kifuani, tambarare, na ndani yake hakukuwa na Lyle wala mtu yeyote. Huko chini, katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba yake, kitu kizito kilikuwa kinatembea.

Akafungua mlango wa ngazi, akaitupa gizani ile nakala ya kwanza. Akasikia kurasa zikifunuliwa taratibu, moja, nyingine, mpaka ya sita, kisha zikasimama hapo na hazikuendelea.

Marlys akaacha mlango wazi. Akalivaa koti, akakaa kitini, akaupa mlango mgongo.