Mawese, Mchanga Mweusi na Bomba la Muzee Niyibizi

Katika avenue yao yote, hakuna aliyekuwa na masufuria yanayong'aa kama ya Sidonie Bagalwa. Siri yake ilikuwa ndoo ya mchanga mweusi. Tangu volkeno ilipotapika mwezi wa kwanza wa mwaka 2002, mchanga huo ulikuwa kila mahali mjini Goma: barabarani, juu ya mabati, nyuma ya nyumba. Haukuuzwa. Sidonie aliuchota kwa mkono, akasugua sufuria, kisha akamwaga maji yote katika lavabo, sinki la jikoni. Majirani walimtania. Walisema mlima umemfungulia kiwanda cha sabuni.

Nyumba yao ilikuwa ya zamani, ya matofali, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Muzee Niyibizi aliinunua kwa jasho lake. Alipofariki aliwaachia wanawe wawili. Mdogo, Védaste, alikuwa karani katika depo ya kahawa. Huyo ndiye mume wa Sidonie. Binti yao, Exaucée, alikuwa akisoma Bukavu. Mkubwa, Habarurema, alikuwa mkulima Rutshuru. Vita vya rebellion vilipomfukuza shambani, alikuja kukaa na mdogo wake. Na mama yao, Koko Mukantwari, alikuwa na chumba chake karibu na choo cha ndani.

Siku ya volkeno, lava ilishuka kutoka mlimani ikameza nyumba za jirani wa upande wa juu. Ilisimama hatua nne tu kutoka ukuta wao wa nyuma. Koko Mukantwari aliporudi kutoka Gisenyi alikokimbilia, aliugusa ukuta ule. Ulikuwa bado na joto. Alisema hatatoka tena katika nyumba hiyo mpaka siku atakapobebwa.

Mwaka mmoja ukapita salama. Halafu, katika mvua za mwezi wa nne, choo kikagoma. Ukimwaga ndoo ya maji, maji yalipanda badala ya kushuka. Baada ya juma moja maji machafu yalitokea pia katika lavabo ya jikoni. Harufu ikajaa nyumba nzima.

Habarurema alichukua ufito wa mwanzi, akafunga kitambaa nchani, akasukuma chooni kwa nguvu zake zote. Maji yalishuka siku tatu, kisha yakarudi. Védaste naye aliambiwa na mtu kazini kwamba asidi ya betri husafisha bomba. Akaimwaga. Iliunguza vidole vyake viwili, na choo kikabaki vile vile. Basi wakakifunga kwa kufuli. Kila mtu akawa anakwenda kwenye choo cha jirani, ng'ambo ya mawe ya lava.

Tangu hapo, kila jioni Sidonie alipopakua bugali, Koko Mukantwari alirudisha sahani yake.

"Nimeshiba," alisema.

Alizidi kukonda. Sidonie alidhani ni tumbo, akamnunulia dawa. Asubuhi moja alimkuta ameketi juu ya lava, fimbo imeanguka mbali, goti linatoka damu. Alimwinua, akamwuliza kwa nini hakumwita mtu.

"Mutoto wangu," alisema Koko, "mutu akikula jioni, lazima atatoka. Na mimi siwezi tena haya mawe. Ndiyo maana sikuli."

Sidonie alimwosha goti, akamfunga kitambaa, akaenda jikoni kulia peke yake.

Juma hilo hilo alifika mfanyabiashara mmoja, Magloire. Alizunguka nyumba akiwa ameziba pua kwa leso. Alisema lava imeponda mabomba yote ya chini na nyumba imekufa. Yeye atanunua kiwanja tu, nyumba ataibomoa. Atarudi siku ya samedi, yaani Jumamosi, na karatasi za kutia sahihi.

Habarurema aliona ni sawa. Wangepata kiwanja kipya upande wa Lac Vert, wajenge nyumba ya mbao, mambo yaishe. Védaste alikuwa anasitasita. Koko Mukantwari alisikiliza yote, akageuka akautazama ukuta wa nyuma. Mtazamo huo ulimuumiza Sidonie.

Kesho yake asubuhi Sidonie alikwenda kumtafuta Mama Élisabeth, mwenzake wa kwaya. Mama Élisabeth alikuwa mjane wa Henri, fundi wa mabomba. Kwa miaka kumi na tano alikuwa ameshika vyombo pamoja na mumewe. Mumewe alipofariki, hakuviuza. Aliendelea na kazi.

Alifika amevaa buti za mpira na glavu ndefu. Begani alibeba waya mrefu wa chuma, uliosokotwa kama springi, wenye mpini wa kuzungusha. Mafundi huuita furet.

Habarurema alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Shemeji, ulisema unaleta fundi. Huyu si mama wa kwaya?"

"Kwaya ni siku ya dimanche, Papa," alijibu Mama Élisabeth. "Leo ni mercredi. Nionyesheni choo."

Kwanza hakugusa chochote. Aliuliza maswali, kama muganga anavyomuuliza mgonjwa. Aliuliza kama kuna kitu kimemwagwa chooni. Védaste akaonyesha vidole vyake. Mama Élisabeth alitikisa kichwa, akaeleza kwamba asidi huunguza macho na mikono, hula viungo vya bomba, lakini kizuizi chenyewe hukiacha. Akamwaga maji kidogo kidogo ili kuipunguzia asidi nguvu. Halafu akauliza swali jingine.

"Lava ilifika lini?"

"Mwaka uliopita, mwezi wa kwanza," alisema Védaste.

"Na choo kiligoma lini?"

"Mwaka huu, mwezi wa nne."

"Miezi kumi na tano. Kama lava iliponda bomba, maji yalikuwa yanapita wapi muda huo wote?"

Ndugu wawili walitazamana.

"Mlima uko upande gani?" Védaste akaonyesha nyuma ya nyumba. "Na ziwa?" Akaonyesha mbele. "Bon. Maji yanapanda ao yanashuka?"

"Yanashuka."

"Basi bomba ya baba yenu inakwenda mbele, upande wa ziwa. Lava iko nyuma. Munasingizia mlima bure."

Aliwaeleza jinsi nyumba za zamani zilivyojengwa. Maji ya choo na ya jikoni hukutana katika bomba moja la udongo. Bomba hilo hupita chini ya kiwanja mpaka kwenye fosse, yaani shimo kubwa lililojengwa kwa saruji. Njiani kuna visanduku vya saruji vyenye mifuniko ya chuma. Huitwa regard. Hapo ndipo fundi hufungua ili aone maji yanavyopita.

"Ziko wapi?" aliuliza.

Védaste alishika kichwa. Alipokuwa mtoto alikuwa akirukaruka juu ya mifuniko hiyo. Lakini baada ya volkeno alimwaga mawe madogo ya lava kiwanjani, tabaka nene, ili wageni wakute pazuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunika.

Mama Élisabeth alisimama pale bomba lilipotoka ukutani. Alitembea moja kwa moja kuelekea barabarani, akigonga chini kwa nondo. Mawe yaliitikia kwa sauti nzito. Akagonga tena mbele. Ghafula chuma kikalia.

"Chimbeni hapa."

Wakachimba. Mfuniko wa kwanza ulipoinuliwa, regard ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Hatua kumi mbele wakapata wa pili. Chini yake palikuwa pakavu, na buibui amejenga.

"Sasa musome wenyewe," alisema Mama Élisabeth. "Hapa imejaa. Pale ni kavu. Ugonjwa uko wapi?"

"Katikati," alisema Védaste, na uso wake ukafunguka kama wa mwanafunzi aliyepata hesabu.

Habarurema alikuwa na wazo fupi zaidi. Mbona wasivunje bomba pale pale, maji machafu yaingie katika ufa wa lava? Watu wengi walifanya hivyo. Lava inameza yote.

"Inameza, lakini haioshi," alisema Mama Élisabeth. "Uchafu unateremka mpaka ziwani. Na bomba la maji safi likikauka, bidon zenu munajaza wapi?"

"Kituku, pale ziwani," alisema Sidonie polepole.

"Donc kipindupindu munakipeleka wenyewe, halafu munakirudisha nyumbani kwa bidon."



Wakafungua pia fosse, ili wahakikishe kwamba haijajaa. Habarurema alitaka kuonyesha kwamba hata yeye anafaa. Alishika ukingo, sigara mdomoni, akateremsha mguu mmoja ndani. Mama Élisabeth alimvuta kwa mkanda wa suruali mpaka akaketi chini kwa matako.

"Sikiliza, Papa. Unajua mazuku?"

Kila mtu wa Goma anaijua. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi na kulala mabondeni. Haionekani. Mbuzi akiingia humo, haamki.

"Katika fosse kuna hewa ya namna hiyo," aliendelea. "Inaua. Nyingine inawaka moto ikiona sigara. Bwana yangu Henri alikuwa fundi kuliko mimi. Siku moja kule Sake aliteremka dakika mbili tu kuokota nyundo. Hakupanda tena. Tangu siku ile mimi nafanya kazi nikiwa juu. Hakuna mutu anaingia. Hata mwenye misuli."

Habarurema aliizima sigara, akaitia mfukoni.

Mama Élisabeth alipima fosse kwa mti mrefu, akiwa amesimama mbali na ukingo. Ilikuwa na nafasi. Wakaifunika. Kisha akaingiza furet katika regard kavu, kwenye tundu la bomba linalotoka nyumbani. Aliwapa ndugu wawili glavu, nao wakazungusha mpini kwa zamu. Yeye alishika waya, akisikiliza kwa mikono. Mita moja, mbili, tatu. Waya ukakwama.

"Polepole. Musipige. Hii bomba ni udongo, iko na umri kunishinda."

Walizungusha, wakavuta. Kilichotoka kilikuwa kigumu kama tofali, cheusi, chenye michirizi ya rangi ya chungwa. Mama Élisabeth alikivunja kwa koleo, akamwita Sidonie atazame.

Sidonie alikitambua mara moja. Yalikuwa mawese, mafuta ya mchikichi aliyopikia sombe, majani ya muhogo. Yalikuwa mafuta aliyokaangia sambaza, vile visamaki vya ziwani. Na ndani yake, chembe kwa chembe, ulikuwa ule mchanga mweusi wa masufuria.

"Mawese huganda kwa baridi ya Goma," alisema Mama Élisabeth. "Mchanga unashikana nayo. Mumekuwa munatengeneza saruji, kila siku kidogo. Usifiche uso, ndugu yangu. Hata mimi niliwahi kufanya hivyo, na bwana yangu akiwa fundi."

Wakaendelea mpaka saa nane. Vipande vilitoka kimoja kimoja. Lakini kitu kimoja kilikataa. Mama Élisabeth akabadilisha ncha ya waya, akaweka ndoano, akavuta kwa nguvu. Kikatoka kirefu, kinadondosha uchafu. Ulikuwa mkono wa koti, na kifungo chake bado kiko.

Védaste aliinama akatazama. Ilikuwa abakosti ya kaka yake, koti lile la wakati wa Zaire.

"Mukubwa," alisema, "si ulituambia kile kitambaa cha ufito kilirudi?"

Habarurema alijikuna shingo. "Kilirudi," alisema. "Nusu."

Koko Mukantwari, aliyekuwa ameketi mlangoni tangu asubuhi, alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Habarurema naye akashindwa kujizuia.

Ndipo maji yaliyojaa katika regard ya kwanza yakazunguka, yakanguruma, yakashuka yote. Mama Élisabeth aliomba Koko mwenyewe amwage ndoo ya kwanza chooni. Wengine walisimama kando ya regard ya pili. Walisubiri. Kisha wakasikia maji yanakuja chini ya mawe, yakatokea, yakapita mbio kuelekea kwenye fosse.

"Imepita, Mama," aliita Védaste.

Koko alimwaga ndoo ya pili, ingawa hakuna aliyemwomba.

Uchafu uliotolewa hawakuutupa barabarani. Waliuzika katika shimo mbali na citerne ya maji ya mvua, wakaufunika kwa majivu na udongo. Waliosha vyombo kwa javel, dawa ya kuua vijidudu, na mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

Kesho yake nyumba ilianza desturi mpya. Sidonie alitoboa kopo kwa msumari, akaliweka katika tundu la lavabo lizuie makombo. Mawese yaliyobaki katika sufuria aliyafuta kwa karatasi kabla ya kuosha, na karatasi hiyo ikawa ya kuwashia makaa. Mchanga hakuuacha, kwa maana alipenda masufuria yake. Lakini sasa alisugulia nje, katika beseni, na mchanga ukarudi kwenye lundo lake. Védaste aliondoa mawe juu ya mifuniko, akaipaka rangi nyeupe. Katika daftari lake aliandika tarehe ya kuifungua kila baada ya miezi mitatu.

Siku ya samedi Magloire alifika na karatasi zake, leso mkononi tayari. Alimtafuta Habarurema, kwa kuwa ndiye mkubwa. Habarurema alimpeleka mpaka kwenye mfuniko mweupe, akauinua, akamwomba Védaste amwage ndoo ndani. Maji yakapita mbele ya macho yao, na Magloire akasahau kuziba pua.

"Ulisema nyumba imekufa," alisema Habarurema. "Ni sisi tulikuwa tunaikaba koo. Rudisha karatasi zako."

Magloire alikunja karatasi. Alifika mpaka barabarani, akasimama, akarudi. Aliuliza kwa sauti ndogo fundi huyo anakaa wapi, kwa sababu kwake pia lavabo ilikuwa imeanza kutoa sauti.

"Kwa kwaya," alisema Habarurema. "Uliza mama yeyote."

Jioni Sidonie alipakua bugali, sombe na sambaza. Alimwekea Koko Mukantwari sahani mbele yake, kisha akasimama kando akijifanya anatafuta kijiko. Koko alinawa mikono. Alikula taratibu mpaka sahani ikawa nyeupe. Halafu akaiinua kwa mikono miwili, akamnyooshea mukwe wake.

"Niongeze," alisema.