Vitambaa Vyeusi vya Harrowdene

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba 1933, mpeleka barua wa Harrowdene alimkuta mzee Ambrose Pellow amelala kifudifudi bustanini, kando ya shimo jipya, kisogo kimepasuka. Sepetu yenye damu ilikuwa miguuni pake.

Inspekta Thackray alifika saa mbili. Jalidi, umande ulioganda kwa baridi ya usiku, ilikuwa imetanda juu ya kila kitu: nyasi, koti la marehemu, na vitambaa vyeusi vilivyofungwa kwenye mizinga sita ya nyuki. Ndani ya mizinga ulisikika mvumo wa chini, kama watu wanaosali chumba cha pili.

Konstebo Dobbs alikuwa amekwisha kumtia pingu mtunza bustani, Silas Dunn.

"Sepetu ni yako?" aliuliza Thackray.

"Yangu. Nimewachimbia makaburi nusu ya wanakijiji kwa hiyo."

"Jana mligombana."

"Alitaka nimchimbie shimo la kuchomea salfa, awafukize nyuki wote wafe. Nikamwambia achimbe mwenyewe, zee lisilo na roho! Lakini kuua? Inspekta, mimi hata kuku namwachia mke wangu achinje."

"Kamwambie mnyongaji," alisema Dobbs.

Jikoni aliketi Bi Hester, dada wa marehemu, ufunguo wa nyumba ukining'inia shingoni.

"Ulijua lini, Bi Pellow?"

"Mpeleka barua aliponigongea. Nilikuwa kitandani tangu saa tatu usiku."

"Na nyuki?"

"Nikatoka kuwaambia, na kuifunga mizinga vitambaa vya msiba. Mwenye nyumba akifa, wasipoambiwa wanakufa nao. Wewe mtu wa huku, unajua."

"Najua. Mtu wa nyumbani, ufunguo wa nyumba, kugonga mara tatu. Bibi yangu alifanya hivyo. Hebu njoo nje."

Thackray aliinua kitambaa cha mzinga wa kwanza. Kilikuwa kigumu kama ubao kwa kuganda, jalidi imekilalia juu. Chini yake, mbao hazikuwa na chembe ya jalidi.

"Jalidi ilianguka kabla ya alfajiri," alisema. "Ilivikuta vitambaa vimekwisha kufungwa. Uliwaambia nyuki habari ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameijua."

Bi Hester aliugusa mzinga kama agusaye paji la uso la mgonjwa.

"Kila aliyekufa wa nyumba hii, mimi ndiye niliyewaambia. Nikiweka sikio nawasikia wote: mama, na Edwin wangu aliyeuawa vitani huko Flanders. Ambrose alisema kufikia adhuhuri watakuwa majivu. Nilimsihi jioni nzima. Akacheka, akainama kupima shimo."

"Ungengoja kukuche, Silas angenyongwa."

"Wasipoambiwa kabla ya jua kuchomoza, hawaponi. Ningekuwa nimemuua ndugu yangu bure."

Dobbs alimfungua Silas pingu pasipo kumtazama.

Bi Hester alivua ufunguo, akamkabidhi Inspekta. "Nami nikiondoka, nani atawaambia?"

Thackray hakuwa ameyaamini mambo hayo tangu bibi yake azikwe. Hata hivyo alivua kofia, akaugonga mzinga wa kwanza mara tatu.

"Bibi yenu anaondoka," alisema kwa sauti ya chini.

Alikuwa amegonga mmoja tu. Yote sita ikanyamaza.