Kapsuli za Viola na Chupa Mbili za Damu

Pikapu ya kabeji ilikuwa imeshaiacha Kitale, inateremka Kimilili. Ndugu walisema mgonjwa augulie nyumbani Bungoma, karibu na watu wake. Mgonjwa ni Wanjala. Siku nne nyuma jembe lilimkata mguu. Sasa mguu umevimba, mwili unachoma, na meno yanagongana.

"Shemeji, si ukanyage mafuta!" mkewe Viola alilia.

"Hii ni gari ya kabeji, bana, si ndege," alijibu Hesbon, mdogo wa Wanjala. Lakini akaongeza mwendo.

Viola akafungua fundo la leso. Ndani kulikuwa na kapsuli alizopewa na jirani, mabaki ya mtoto aliyeugua kifua. Tangu juzi alimpa Wanjala mbili mbili. Akampa mbili tena.

Walipofika Bungoma, Hesbon hakwenda nyumbani. Alipomwona kaka yake haongei vizuri, alikata kona hadi hospitali, kitengo cha dharura. Muuguzi Chelimo akaandaa chupa mbili na sindano ya kutoa damu.

"Amemeza dawa yoyote?"

"Hapana, sista." Viola aliogopa kugombezwa mbele ya watu.

"Ati mnamtoa damu?" Hesbon akaruka. "Na vile hana nguvu?"

"Ni vijiko viwili vya chai kila mkono," Chelimo alisema, akisugua ngozi kwa dawa ya kusafisha. "Chupa hizi zina chakula cha vijidudu. Kama vimo kwenye damu, vitaota humu. Maabara itavitambua, halafu itajaribu dawa gani inaviua. Majibu ni siku mbili, tatu, pengine zaidi."

"Siku tatu! Atangoja hivi?" Viola akauliza.

"Hangoji, mama. Nikitoa damu tu, namdunga dawa ya kuanzia. Damu kwanza, kwa sababu dawa huzuia vijidudu kuota. Chupa zikikaa kimya, mtu anaweza kudhani damu ni safi, kumbe sivyo."

Kitandani, Wanjala alikuwa akiongea na marehemu baba yake.

"Sista, nimekudanganya." Viola akazimwaga kapsuli za kwenye leso juu ya shuka. "Nimempa hizi. Hata leo, njiani."

"Ai, Viola!" Hesbon akashika kichwa.

Chelimo hakumgombeza. Alizitazama kapsuli, akaandika jina la dawa hiyo na saa aliyopewa mgonjwa kwenye fomu. "Vizuri umesema. Damu tunachukua vilevile, na usaha wa kidonda. Kisha dawa, sasa hivi."

Kwenye chupa za damu hakikuota kitu. Usaha uliotesha kijidudu ambacho kapsuli zile hukidumaza tu bila kukiua, na dawa ya kuanzia nayo haikiui. Daktari alikuwa amesoma fomu, kwa hiyo hakudhani kwamba damu ni safi. Siku ya tatu alibadilisha dawa, na homa ikashuka.

Wanjala alilazwa siku kumi na sita. Alikatwa vidole viwili vya mguu. Analima tena Kitale, anachechemea. Hesbon bado anabeba kabeji. Chelimo alihamishiwa wodi ya watoto. Viola haweki tena mabaki ya dawa. Akipeleka mgonjwa hospitali, hutaja kila dawa aliyomeza mgonjwa huyo, hata kabla ya kuulizwa.