Kutu ya Kwenye Shina

Kozue alimimina maji juu ya jiwe. Mama yake akausukuma upanga mbele, akaurudisha, akausukuma tena, na kila mara ukungu uliokuwa kwenye chuma ulipungua. Hapa mjini Seki, watu walimletea Mama panga za kale azirudishie mng'ao. Huu ulikuwa wa Mzee Nagase, aliyeurithi kwa babu yake. Jioni angepita kuutazama.

Simu ililia.

"Ukaushe, uupake mafuta," Mama alisema akiinuka. "Usiuguse kwa vidole. Wala usipige soga juu yake, mate huleta kutu."

Kozue akakausha, akapaka. Kisha akalitazama shina, ile sehemu inayofichwa ndani ya mpini. Lilikuwa jeusi kwa kutu, na jina la mhunzi limechongwa hapo. Mbona Mama husugua kote, hapa hapagusi? Chini ya weusi huu kuna nini? Akachukua kijipande cha jiwe, akasugua kando ya jina. Pakang'aa, padogo kama punje ya mchele.

"Mama wee! Leo utakiona cha mtema kuni," alisema kaka yake, Takuma, mlangoni. "Kutu hiyo ndiyo huonyesha umri wa upanga! Bila hiyo watu watajuaje kama jina ni la kweli? Mzee atamnyang'anya Mama kazi." Akanong'ona, "Paka wino wako wa shule. Nani atajua?"

Kozue akachovya brashi. Wino ungelifunika doa lote. Lakini akaiweka brashi chini bila kupaka.

Jioni, Mzee Nagase alipoketi, Kozue aliinama hadi paji la uso likagusa mkeka. "Nisamehe, mzee. Nimesugua kutu ya shina. Nilitaka kuona kilichopo chini."

Mama akashika mdomo.

Mzee akaugeuza upanga kwenye mwanga. "Ukaona nini?"

"Chuma tu, mzee."

Mzee akaguna, nusura acheke. "Weusi utarudi wenyewe, labda wewe ukiwa bibi. Doa nitalizoea. Lakini ungelificha, kila nikiushika upanga huu ningejiuliza mmenificha nini kingine. Kutaka kujua si kosa, binti. Uliza kwanza, ndipo ushike jiwe. Na ukikosea, sema kama ulivyosema leo."

Akamgeukia Mama. "Upanga ubaki hapa, uumalize."

Mama akashusha pumzi, akayafunika mawe kwa kitambaa. "Leo basi," alimwambia Kozue. "Upande wa pili wa upanga tutauanza kesho."